Bosi mnyanyasaji kwenye studio, redio na kampuni za matangazo: haki zako na siku 30 za kuzidai

Vijana wa Hanang na Mbulu wanaokwenda mjini kutafuta maisha hawaendi tena kwa kazi za ujenzi, ulinzi na dukani peke yake. Wapo waliojifunza kupiga picha kwenye harusi za Katesh na Haydom, waliojifunza kuhariri video kwa simu, wenye sauti ya kutangaza, wenye mkono wa kuchora. Hawa huishia Babati, Arusha, Dodoma au Dar es Salaam, kwenye studio, redio, lebo za muziki na zile ofisi zinazoitwa kampuni za ubunifu, yaani zinazotengeneza matangazo ya biashara, mabango, nembo, video na kurasa za mitandao za wateja wao.

Makala hii ni kwa ajili yao, na pia kwa wazazi, kaka na dada walioko Dirma, Bassotu, Endasak au Dongobesh ambao hupigiwa simu saa tano usiku na mtoto anayesema, "Mama, kazi nimeiacha," bila kueleza zaidi. Ukipokea simu kama hiyo, swali la kwanza la kuuliza ni umeacha tarehe ngapi. Sababu ya swali hilo tutaiona mbele.

Kwa nini kazi hizi huzaa mabosi wa namna hii

Gunia la mahindi hupimwa kwenye mizani. Ukisema ni kilo mia na mnunuzi akasema ni tisini, mnaliweka pale juu na ubishi unakwisha. Bango la tangazo halina mizani. Wimbo hauna mizani. Kazi ni nzuri bosi akisema ni nzuri, na ni takataka bosi akisema ni takataka. Mwenye mdomo ndiye mwenye kipimo, na mtu mwenye kipimo peke yake hushawishika kukitumia kama fimbo.

Halafu ofisi nyingi za aina hii ni ndogo. Kamera ni ya bosi, kompyuta ni ya bosi, wateja walimfuata bosi, na jina la ofisi mara nyingi ni jina lake. Hakuna idara ya utumishi ya kukimbilia. Ukimlalamikia, unamlalamikia kwake mwenyewe. Kijana anaambiwa "hapa sisi ni familia", na mshahara ukichelewa anaambiwa "utajulikana mjini, hilo ndilo la muhimu". Mjini watu wa fani hizi wanajuana, kwa hiyo anaogopa kwamba akiondoka vibaya, simu moja tu itamfungia milango yote.

Tusichanganye mambo, hata hivyo. Ukali si lazima uwe unyanyasaji. Nimekaa studio miaka ya kutosha kujua kwamba zikibaki dakika mbili kwenda hewani na taarifa haijafika, watu hupiga kelele, na baadaye wanakunywa chai pamoja. Bosi anayekurudishia kazi mara tatu na kukuonyesha kosa liko wapi anakufundisha. Mnyanyasaji utamjua kwa tabia inayojirudia: anakutukana mbele ya wateja, anakupa agizo asubuhi na kulikana jioni, anatumia mshahara kukutisha, anakupigia saa nane usiku kwa jambo la kesho, anachukua kazi yako na kuiweka jina lake, au anakushika mwili.

Yaliyotokea Japani

Kisa kinachojulikana zaidi duniani kuhusu kampuni ya matangazo kimetoka Japani. Matsuri Takahashi alimaliza Chuo Kikuu cha Tokyo na kuajiriwa mwezi Aprili 2015 na Dentsu, kampuni kubwa kuliko zote za matangazo nchini humo. Aliwekwa kwenye matangazo ya intaneti. Miezi michache baadaye alikuwa akiandika mtandaoni kwamba hapati usingizi, na kwamba mkubwa wake anamkejeli kwa nywele zake kuwa timtim na macho yake kuwa mekundu. Wakaguzi wa kazi walikuja kukuta kwamba katika mwezi mmoja alifanya takribani saa 105 za ziada.

Tarehe 25 Desemba 2015, akiwa na miaka 24, alijitoa uhai. Mwaka 2016 serikali ya Japani ilikitambua kifo hicho kuwa kimesababishwa na kazi. Mkuu wa kampuni alitangaza kujiuzulu Desemba mwaka huo, na mwaka 2017 mahakama ikaitoza kampuni faini ya yeni 500,000, fedha ndogo mno kwa kampuni ya ukubwa huo.

Kinachonishtua mimi ni kwamba haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1991 kijana mwingine wa kampuni hiyohiyo, naye wa miaka 24, alijiua baada ya miezi ya kazi bila usingizi, na mwaka 2000 Mahakama Kuu kabisa ya Japani iliamua kwamba kampuni ilibeba lawama. Kwenye kijitabu cha wafanyakazi kulikuwa na kanuni zilizoandikwa mwaka 1951 zikimtaka mfanyakazi asiachie kazi aliyoishika hata kama itamuua. Kanuni hizo ziliondolewa baada ya kifo cha Matsuri. Kwa miaka zaidi ya sitini ukatili uliitwa bidii, na watu waliuamini.

Linganisha saa hizo 105 na sheria ya kwetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, si zaidi ya siku sita. Saa za ziada haziwezi kuzidi 50 katika wiki nne, tena kwa makubaliano, na kila moja hulipwa mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Kwa hiyo ofisi inayokulaza studioni wiki nzima "kwa sababu mteja anataka kesho" inavunja sheria, hata ikikununulia chipsi usiku.

"Wewe hujaajiriwa, unajitolea"

Hili ndilo neno linalowanyamazisha vijana wengi. Hana mkataba wa maandishi, alianza kama mwanafunzi wa fildi, akabaki "kujitolea", analipwa nauli na posho pale bosi anapojisikia. Akidai kitu anaambiwa hajawahi kuajiriwa. Naye anaamini.

Sheria haiangalii jina mlilolipa jambo hilo. Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya mwaka 2004, imeweka alama za kumtambua mwajiriwa. Je, bosi ndiye anayekupangia namna ya kufanya kazi? Ndiye anayekupangia saa? Umekuwa sehemu ya ofisi? Umemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Unamtegemea kwa kipato? Unatumia vifaa vyake? Unamfanyia yeye peke yake? Hata alama moja ikiwepo, sheria inakuchukulia kuwa mwajiriwa mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo. Saa 45 kwa mwezi si nyingi. Ni kama saa mbili kwa siku, siku tano za wiki.

Na mkataba wa maandishi? Kuuandaa ni wajibu wa mwajiri. Kesi ikifika mbele ya msuluhishi na mwajiri hana karatasi, sheria inamtwisha yeye mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti mnayobishania. Ukisema mlikubaliana laki tatu kwa mwezi, hawezi kukaa kimya na kusema "alete ushahidi".

Hapa pana jambo la kuangalia: ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haumhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Lakini hata aliyefanya kazi wiki tatu ana haki ya kudai malipo ya wiki hizo tatu.

Lafudhi, kamera na mlango uliofungwa

Mtu wa kwetu akifungua mdomo kwenye kipaza sauti mjini, lafudhi inamtangulia. Wairaqw tunaijua hali hiyo, na Wabarbaig wanaijua zaidi. Kusahihishwa matamshi ni sehemu ya mafunzo ya utangazaji. Mimi mwenyewe nimesahihishwa na nimefaidika. Kuitwa majina ya kudhalilisha kabila lako kila kikao ni jambo lingine. Sheria ya Ajira inahesabu unyanyasaji kwa msingi wa kabila, mahali mtu anapotoka, jinsia, dini, ulemavu, ujauzito, hali ya ndoa, umri au hali ya maisha kuwa ni ubaguzi, na imeupiga marufuku.

Kamera ikianguka, bosi wengine hutangaza kwamba kijana atafanya kazi bure mpaka ilipwe. Hilo haliruhusiwi. Ili mwajiri akukate kwa ajili ya hasara, lazima hasara iwe imetokana na uzembe wako, ufuatwe utaratibu wa haki wa kukusikiliza, kiasi kiandikwe, kisizidi hasara yenyewe, na makato yasizidi robo ya ujira wako. Robo tatu ni zako.

Kuhusu ngono, usikubali kuambiwa kwamba "ndivyo sanaa ilivyo". Mwenye mamlaka anayedai ngono ili akupe kipindi, akupeleke kwenye tangazo au akulipe mshahara wako, anatenda kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Adhabu ni faini, au kifungo, au vyote viwili. Inaitwa rushwa ya ngono, na hupelekwa TAKUKURU, ambao wana namba ya bure, 113. Huhitaji kwanza kuacha kazi, na huhitaji kibali cha mtu yeyote pale ofisini.

Wanaojiunga na lebo za muziki

Msanii aliyesaini lebo si sawa kabisa na mwajiriwa, kwa sababu mara nyingi amesaini mkataba wa biashara. Wengi mnakumbuka mwaka 2018, Rich Mavoko alipoachana na WCB na suala la mkataba wake likafika Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Mwaka uliofuata Harmonize naye aliondoka kwenye lebo hiyohiyo, na akaeleza hadharani kwamba ilimbidi alipe shilingi milioni 500 ili awe huru na nyimbo zake, na kwamba aliuza nyumba. Siwataji ili kumhukumu mtu. Kila upande ulikuwa na maelezo yake. Nawataja kwa sababu ukubwa wa bei ya kutoka ulikuwa umekaa kwenye karatasi tangu siku ya kuingia. Kijana wa Dongobesh hana nyumba ya kuuza. Kabla ya kusaini, soma kipengele cha kuvunja mkataba kuliko unavyosoma kipengele cha mgawanyo, na tafuta mtu asiye wa lebo akusomee.

Usiondoke na hasira

Hapa ndipo wengi wanapopotezea haki. Mtu amevumilia miaka miwili, siku moja anatukanwa mbele ya mteja, anabeba begi, anatuma meseji ya "nimeacha" na kupanda basi la Babati. Kwenye macho ya sheria, huyo anaonekana ameacha mwenyewe.

Upo mlango mwingine. Sheria inasema mtu aliyelazimika kuacha kwa sababu mwajiri alifanya kazi isivumilike, anahesabiwa kuwa ameachishwa. Lakini ni lazima uonyeshe hivyo. Kanuni za mwaka 2007 zinataja sababu mbili zinazoweza kutosha. Ya kwanza ni kunyanyaswa kingono, au mwajiri kushindwa kukulinda na unyanyasaji huo. Ya pili ni kutendewa isivyo haki, na hapa utaulizwa: ulilalamika ndani ya ofisi kwanza? Kama hukulalamika, ulikuwa na sababu gani nzuri?

Kwa hiyo kabla ya kubeba begi, andika barua. Iwe fupi: tarehe fulani lilitokea hili, tarehe fulani hili, naomba lirekebishwe. Mpe bosi, baki na nakala. Akikataa kuipokea, itume kwa WhatsApp au barua pepe ili ibaki na tarehe. Barua hiyo ina nguvu kuliko mashahidi watano, maana mashahidi wako bado wanakula kwa bosi.

Anza pia daftari. Kila siku yenye tukio iandikwe: tarehe, saa, maneno yaliyosemwa, nani alikuwepo, uliingia saa ngapi na kutoka saa ngapi. Hifadhi meseji na risiti za fedha ulizotumiwa kwa simu, kwa sababu posho ya kila mwezi kutoka namba ileile ni ushahidi wa ajira. Nakala zikae nje ya simu na kompyuta ya ofisi. Mtumie dada yako nyumbani.

Ukiletewa barua ya kujiuzulu ambayo bosi ameiandika mwenyewe, usiisaini siku hiyo. Mwambie utaisoma nyumbani. Na usimwage mambo yote kwenye magrupu na mitandao. Najua inaleta nafuu ya siku moja, lakini utajikuta wewe ndiye unayejibu maswali chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na madai yako yakasahaulika.

Kama mwili umeanza kugoma, usingizi umekwisha au unawaza kujidhuru, nenda hospitali kabla ya kwenda popote, na mwambie daktari kazi ilivyo. Hospitali ya Haydom ina huduma ya afya ya akili, kwa walio karibu. Sheria inakupa likizo ya ugonjwa ya hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara, kwa cheti cha daktari.

Tume, fomu na siku zinazohesabika

Malalamiko ya kazi hayaanzii mahakamani wala polisi. Yanaanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi huiita CMA. Hakuna ada. Unajaza fomu namba 1 ya Tume, unampa mwajiri nakala, unawasilisha fomu pamoja na uthibitisho kwamba nakala imemfikia.

Kama unalalamikia kuachishwa kazi, na hiyo ni pamoja na kulazimika kuacha, una siku 30 tangu ulipoachishwa. Kwa madai mengine, kama mshahara usiolipwa au saa za ziada, una siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Ndiyo maana mzazi aulize tarehe. Kijana akirudi Dirma, akalala mwezi mzima akijipoza kabla ya kusema lolote, siku 30 zimekwisha akiwa kitandani.

Tena fomu hupelekwa kwenye ofisi ya Tume ya eneo mgogoro ulipotokea. Aliyefanya kazi Babati atakwenda Babati. Aliyefanya kazi Dar es Salaam hawezi kufungulia Babati kwa sababu tu amerudi nyumbani. Nauli na mahali pa kulala viingie kwenye mpango. Ni vizuri zaidi kufungua malalamiko kabla ya kupanda basi. Aliyechelewa hajafungiwa kabisa: kuna fomu namba 2 ya kuomba kupokelewa nje ya muda, na hapo lazima aeleze kwa nini alichelewa. Ugonjwa wenye cheti unaeleweka. "Sikujua" mara nyingi haikubaliwi.

Msuluhishi ana siku 30 za kujaribu kuwapatanisha. Mkishindwana, shauri linakwenda kwenye uamuzi. Usikose siku ya kuitwa, maana mlalamikaji asipofika shauri linaweza kufutwa. Unaweza kujisimamia, kuwakilishwa na wakili, na chama cha wafanyakazi kama TUICO au JOWUTA ya wanahabari ukiwa mwanachama, au na mtu yeyote unayemchagua, hata mjomba wako mwenye maneno yaliyotulia. Wasaidizi wa kisheria walioko wilayani husaidia kujaza fomu, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kina ofisi Arusha.

Kabla ya kudai, hesabu unachostahili. Unaweza kustahili ujira wa siku ulizofanya kazi, likizo ambayo hukuchukua (ni siku 28 kwa mwaka), na notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Kama ulifanya kazi zaidi ya mwaka na wewe ndiye uliyeachishwa, kuna kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Omba pia cheti cha utumishi. Bosi hana ruhusa ya kukunyima kwa sababu mmegombana.

Wengi hawajui kuhusu nauli. Kama bosi alikuja kukuajiri Katesh na ajira ikakatika ukiwa Dar es Salaam, anapaswa kukusafirisha wewe na mizigo yako mpaka Katesh au akupe gharama hiyo, pamoja na posho ya kujikimu kwa siku unazosubiri. Kama ulijipeleka mwenyewe na ukaajiriwa palepale Dar es Salaam, haki hiyo huna. Meseji ya kwanza kabisa aliyokutumia, ile ya "njoo, nafasi ipo", ndiyo itakayoonyesha uliajiriwa ukiwa wapi. Usiifute.

Walioajiriwa Zanzibar wanafuata Sheria ya Ajira ya Zanzibar ya mwaka 2005, si hizi tulizozieleza hapa, na malalamiko yao yanapelekwa kwenye taasisi za hukohuko.